Kompresheni imeisha: fundi anamaanisha nini kuhusu mashine yako ya kukatia nyasi

Mvua za masika zikishika kasi, mashine za kukatia nyasi zinatolewa stoo, na nyingi zinagoma. Kamba inavutwa mpaka bega linauma, injini inakohoa mara moja kisha kimya. Zikifika kwa fundi, hukumu ambayo wengi hupewa ni fupi: kompresheni imeisha. Hapo mwenye mashine anaambiwa anunue pistoni, ringi na bloku (silinda yenyewe), au anashauriwa aachane nayo atafute nyingine. Wapo wanaokubali bila kujua wameambiwa nini. Wapo wanaokataa wakiamini wanaibiwa, kumbe safari hii fundi yuko sahihi. Pande zote mbili zinakosa kitu kimoja: kipimo. Na hata kikipatikana, namba hiyo ina mambo inayoyasema na mengine isiyoyasema kabisa.

Kwanza mashine yenyewe. Kwetu Afrika Mashariki, mashine ya kukatia nyasi yenye injini ya mipigo miwili ambayo watu wengi wanaijua ni ile ya kuvaa begani, yenye bomba refu na kisu au kamba ya nailoni mwishoni. Zile za kusukuma zenye magurudumu, nyingi zinazouzwa siku hizi ni za mipigo minne, ingawa za zamani za mipigo miwili bado zinafanya kazi. Victa ya Australia, ambayo Mervyn Victor Richardson aliianzia Sydney mwaka 1952, ilijijengea jina kwa mashine za namna hiyo. Kuzitofautisha ni rahisi. Ya mipigo miwili inatumia petroli iliyochanganywa na oili ndani ya tangi moja. Ya mipigo minne inawekewa petroli tupu kwenye tangi, na oili ina sehemu yake yenye kijiti cha kupimia. Usiichukulie tofauti hii kirahisi, kwa sababu ushauri mwingi mbaya kuhusu kompresheni unatokana na mtu kuchukua maarifa ya mipigo minne na kuyapeleka kwenye mipigo miwili.

Hewa inabanwa mara mbili

Kompresheni ni presha inayojengeka juu ya pistoni pale inapopanda ndani ya silinda na kubana mchanganyiko wa hewa na petroli kabla plagi haijatoa cheche. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole gumba, kisha sukuma mpini. Mpini unagoma na mwili wa pampu unapata joto. Ile ngozi ya ndani ikichakaa, mpini unashuka wote bila upinzani na hakuna joto linalopatikana. Kwenye injini, kazi ya ile ngozi inafanywa na ringi, zile pete nyembamba za chuma zinazoizunguka pistoni. Mchanganyiko usipobanwa vya kutosha haupati joto wala msongamano unaohitajika, na hauwaki sawasawa hata kama plagi inatoa cheche nzuri ya buluu.

Injini ya mipigo minne ina valvu juu za kuingiza na kutoa hewa. Ya mipigo miwili tunayoizungumzia hapa haina valvu hizo. Ina matundu ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyaziba na kuyafungua ikipanda na kushuka. Kila krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozunguka mara moja, moto unawaka mara moja.

Kuna sehemu ambayo wengi hawaijui. Hewa haibanwi juu ya pistoni peke yake. Inabanwa pia chini, ndani ya chumba cha krenki. Pistoni ikipanda, inavuta mchanganyiko kutoka kwenye kabureta hadi kwenye chumba hicho. Ikishuka, inausukuma kupitia njia za pembeni uende juu. Kwa hiyo injini hii inahitaji isivuje sehemu mbili: juu zinazuia ringi, chini zinazuia sili za krenki na gasketi. Geji inayofungwa kwenye tundu la plagi inapima ya juu tu. Injini inaweza kusoma vizuri kwenye geji na bado ikagoma, au ikawaka na kujiua yenyewe, kwa sababu ya tatizo la chini ambalo geji haikuliona.

Geji yenyewe inaweza kudanganya

Geji ya kompresheni ni kifaa cha kawaida kwa mafundi wa magari na pikipiki: saa yenye mshale, bomba, na kichwa cha kufunga kwenye tundu la plagi. Kipimo chake ni psi, kile kile tunachosomewa tukijaza upepo kwenye tairi. Shida ni kwamba mashine za begani nyingi zina silinda ya cc 25 hadi 52, na pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki kwa hewa iliyobanwa ni cc chache tu. Geji nyingi za gari zina bomba refu la mpira. Ikiwa kile kivalvu kidogo kinachozuia hewa isirudi kimewekwa huku kwenye saa, hewa yote ya ndani ya bomba inakuwa sehemu ya silinda. Kwa gari nafasi hiyo haina uzito. Kwa injini ndogo hivi, inaweza kuwa kubwa kama ile nafasi nzima iliyobaki juu ya pistoni, na geji itasoma chini sana wakati injini haina kasoro yoyote.

Kwa hiyo ukipelekewa namba, swali la kwanza ni kivalvu kiko wapi. Kinatakiwa kiwe kwenye ncha, pale pale kinapoingia kwenye tundu la plagi. Kuna jingine hapo hapo: kivalvu hicho kinafanana na cha tairi la gari, lakini springi yake ni laini zaidi. Kikipotea na mtu akapachika cha tairi, geji itaendelea kusoma, ila itasoma chini. Naamini kuna mashine nyingi nzima zilizotupwa kwa sababu ya geji isiyofaa, na inauma kwa sababu kuikagua ni kazi ya dakika moja.

Kupima kwenyewe hakuhitaji utaalamu mkubwa. Kama mashine inawaka, iache ipate moto kwanza. Zima, toa plagi, kisha hakikisha waya wake hauwezi kutoa cheche karibu na tundu: swichi iwe imezimwa, na plagi ikiwa ndani ya kofia yake iguse chuma cha injini. Mvuke wa petroli unatoka kwenye tundu lile kila unapovuta kamba, na cheche moja inatosha kuwasha moto. Fungua choki. Bana eksileta mpaka mwisho na uishikilie hivyo. Hili la eksileta linasahaulika sana, na ukilisahau injini inakosa hewa ya kubana na namba inashuka bila sababu. Kisha vuta kamba kwa nguvu, mivuto sita hadi minane, mpaka mshale usiwe unapanda tena. Achia presha, rudia. Namba mbili zikikaribiana, ziamini.

Wenye mashine za kusukuma wawe waangalifu zaidi. Kwenye nyingi kati ya hizo kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye krenki, kwa hiyo kila mvuto wa kamba unakizungusha. Miguu iwe mbali, na mtu asiingize mkono chini kabla waya wa plagi haujavuliwa.

Wakati wa kuvuta, usiangalie namba ya mwisho peke yake. Angalia mshale unavyopanda. Injini yenye ringi nzuri inaruka zaidi ya nusu ya safari kwa mvuto wa kwanza na kufika mwisho baada ya mivuto michache. Iliyochoka inapanda kwa kusuasua, kidogo kidogo, na mara nyingine inafika kwenye namba inayoridhisha kwa sababu tu umevuta mara nyingi.

Namba ngapi ni nzuri?

Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho, pale kinapotaja kipimo. Kwa ujumla, injini nyingi ndogo za mipigo miwili zikiwa nzima hutoa kati ya psi 110 na 150, na baadhi huzidi hapo. Ikishuka chini ya 90, kuwaka kunaanza kuwa kwa kubahatisha, hasa injini ikiwa ya moto. Ndiyo maana kuna mashine inayowaka vizuri asubuhi, inafanya kazi tangi moja, ukiizima ili ujaze mafuta inakataa mpaka ipoe. Dalili hiyo inaweza kuwa kompresheni dhaifu, lakini inaweza pia kuwa koili, kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, inayokufa ikipata joto. Njia ya kuzitenganisha ni kupima pale pale inapogoma, ingali ya moto, na wakati huo huo kuangalia kama cheche ipo.

Namba hizo ni za usawa wa bahari. Mtu akikaa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anaweza kuzitumia zilivyo. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu, na hewa ya pale ina presha ya asilimia 80 hivi ya ile ya pwani. Injini inabana hewa iliyopo, hivyo mashine ile ile inayosoma 130 Mombasa itasoma 105 hivi ikifika Nairobi, bila ringi kuchakaa hata kidogo. Arusha, Mbeya na Eldoret nazo ziko juu kiasi cha kuibadilisha namba. Sijui kwa nini jambo hili halitajwi kabisa kwenye mazungumzo ya gereji, wakati watu wa nyanda za juu wanalinganisha vipimo vyao na jedwali lililoandikwa kwa ajili ya pwani na kuambiwa injini imekufa.

Yapo mambo mengine yanayoipotosha namba. Injini iliyolowa petroli kwa kuvutwa sana na choki ikiwa imefungwa, oili ya kwenye kuta za silinda inakuwa imeoshwa, na itasoma chini. Toa plagi, vuta kamba mara kadhaa kukausha, weka matone machache ya oili, subiri, kisha pima. Kinyume chake, masizi mengi juu ya pistoni yanapunguza nafasi na kuifanya injini iliyochoka isome vizuri. Na baadhi ya mashine zina kitufe cha kupunguza presha ili kamba isivute kwa ugumu. Kama kimekwama kikiwa wazi, unapima tundu.

Hapa pia ndipo linapoingia lile jaribio la oili ambalo mafundi wa magari wanalipenda. Kwenye mipigo minne, ukiweka oili kidogo na namba ikapanda, lawama inakwenda kwenye ringi. Isipopanda, lawama ni ya valvu. Kwa mipigo miwili hakuna valvu za kulaumu. Namba ikipanda sana, ringi au pistoni imechakaa. Isiposogea, angalia kama hewa inatoka kwenye meno ya tundu la plagi, au kwenye gasketi ya kichwa kwa zile injini ambazo kichwa na silinda ni vipande viwili. Maji ya sabuni yatakuonyesha.

Asiye na geji anaweza kufanya jaribio la kubeba. Vua waya wa plagi ukiacha plagi mahali pake, kisha inua mashine ndogo ukiwa umeshika mpini wa kamba ya stata tu, huku mkono wa pili ukiwa tayari kuidaka. Injini nzima inashuka kwa vituo: inakaa, inashuka, inakaa. Iliyoisha inateremka moja kwa moja. Jaribio hili linatenga mbovu kabisa na nyingine, basi. Kidole gumba kwenye tundu la plagi kina uwezo mdogo zaidi ya huo, maana hata presha ndogo inakirusha, na hakuna mtu anayeweza kutofautisha 70 na 120 kwa kidole.

Kabla ya kununua bloku, fungua eksozi

Kama namba ni ndogo na geji ni ya kuaminika, kinachofuata si duka la spea. Ni spana. Kwenye mashine nyingi za begani eksozi imeshikwa na bolti mbili au tatu. Itoe, na nyuma yake utaona tundu la kutolea moshi. Zungusha injini taratibu kwa kamba mpaka pistoni izibe tundu hilo, mulika kwa tochi, uisome.

Pistoni nzuri ina uso wa kijivu uliosawazika, pengine na mistari myembamba sana ya kazi ya kawaida. Ukiona michirizi mipana iliyosimama wima upande huu wa eksozi, kama chuma kimepakwa na kukwanguliwa, injini ilikosa oili au iliunguza mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo. Upande wa eksozi ndio wenye joto kuliko wote, ndiyo maana unatangulia kuumia. Sasa vua kabureta uangalie upande wa pili. Uso uliokwaruzwa na kufifia upande wa kuingizia hewa ni kazi ya vumbi lililopita kwenye chujio lililochanika au lililotolewa kabisa, jambo ambalo watu hufanya wakidhani wanaiongezea injini pumzi. Kisha gusa ringi kwa kijiti cha mti kupitia tundu. Ringi hai inabonyea na kurudi. Isipobonyea, imegandishwa na masizi ndani ya mfereji wake. Hii ndiyo habari njema kuliko zote, kwa sababu ringi iliyoganda inaweza kufunguliwa, mfereji ukasafishwa, na kompresheni ikarudi bila kununua bloku.

Ringi ikitolewa, fundi azingatie ile pini ndogo iliyomo ndani ya mfereji. Ipo ili ncha za ringi zikae hapo hapo zisije zikaangukia kwenye matundu ya silinda. Ringi ikirudishwa huku ncha zake zikipishana na pini, itavunjika, na kipande chake kitachana silinda.

Kauli ya "tutachonga bloku" nayo inahitaji maelezo. Bloku za pikipiki nyingi zina sleeve (bomba la ndani) ya chuma, na zinachongwa kwa kupanua. Bloku nyingi za mashine hizi ni aluminiamu iliyopakwa tabaka jembamba na gumu sana, na ukichonga unaliondoa tabaka hilo. Haichongwi. Lakini usikimbilie kuitupa: mara nyingine kinachoonekana kama mikwaruzo ndani ya silinda ni aluminiamu ya pistoni iliyoganda kwenye kuta, na ikisafishwa kwa uangalifu unakuta tabaka lenyewe liko salama.

Iliyokufa ilikufa kwa nini?

Kompresheni ndogo ni matokeo. Fundi akibadili pistoni bila kutafuta kilichoiua ya kwanza, ya pili itakufa hivyo hivyo, na mapema zaidi. Sababu inayojificha zaidi ni ule uvujaji wa chini: sili ya krenki iliyokauka, au mpira unaounganisha kabureta na silinda uliopasuka. Hewa inaingia bila kupimwa na kabureta, mchanganyiko unakosa petroli na oili kwa pamoja, joto linapanda. Dalili yake ni injini inayopanda mizunguko yenyewe bila kubanwa eksileta, au inayochelewa kutulia ukiiachia. Kuipima, matundu ya eksozi na kabureta yanazibwa, hewa inasukumwa ndani kwa presha ndogo ya psi 7 hivi, na mtu anaangalia kama inashuka. Presha kubwa zaidi inaweza kuzitoa sili zenyewe mahali pake, kwa hiyo kompresa ya tairi isitumike.

Sababu inayofuata ni oili. Uwiano wa 50 kwa 1 maana yake ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Wa 25 kwa 1 ni mililita 200. Kifuniko cha chupa kinachokadiriwa kwa macho hakitoshi kuwa kipimo. Oili itakiwayo ni ya 2T, yaani ya mipigo miwili, kwa injini zinazopozwa kwa hewa. Ile ya 4T ya bodaboda haikutengenezwa ili iungue pamoja na petroli, na inaacha masizi. Pwani kuna mazoea ya kutumia oili ya mashine za boti kwa sababu ipo nyumbani. Injini ya boti inapozwa kwa maji na haipati joto kama hii ya begani, na oili yake imetengenezwa kwa hali hiyo. Wanaozidisha oili kwa nia njema nao wanakosea: kila tone la ziada limechukua nafasi ya petroli, mchanganyiko unapungukiwa na mafuta ya kuwaka, na masizi yanazidi mpaka ringi zinaganda.

Ukibadili ringi au pistoni, usiridhike na kuwaka tu. Ringi mpya huchukua muda kukaa sawa na kuta, na namba ya siku ya kwanza huwa chini ya ile itakayopatikana baada ya matangi machache. Pima baada ya hapo, kwa geji ile ile, injini ikiwa ya moto, choki wazi na eksileta mwisho. Andika namba na tarehe kwa kalamu ya rangi ndani ya kasha la chujio la hewa. Masika yajayo ikigoma, fundi yeyote atakayeifungua ataanzia hapo.